Zamu ya Mchele Niliyompa Feza

Mwezi uliopita nilipanda motor, yaani pikipiki, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, safari ambayo mtu huianza akiwa kijana na kuimaliza akiwa na mvi, kwa sababu Feza alikuwa akifanya karamu ya diploma ya mtoto wake wa kwanza, na alikuwa amenitumia ujumbe kwamba bila mimi hakuna karamu. Feza ni prefe kule, yaani mkubwa wa sekondari nzima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kasongo. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, yeye akanipokea mlangoni kwa kitenge cha kijani kilichonyooka kana kwamba pasi ya nyumba ile hailali, na shingo yake, wallahi, bado haina hata mkunjo mmoja. Nilimkumbatia kwa upendo wa kweli, na katika upendo uleule macho yangu yakapita juu ya bega lake kutazama viti vyake. Vilikuwa vingi kuliko waalikwa, kila kimoja na mto wake. Tulipokuwa katikati ya kula akasimama, akanionyesha kwa kijiko. "Muko munaona huyu mama? Bila yeye, miye sikuwa kitu. Ile mwaka walinikatia bourse, huyu alinipa zamu yake ya mchele. Hakuniomba kitu. Roho yake ni nyeupe, nyeupe sana!" Wamama wakapiga vigelegele, na mzee aliyekaa karibu nami akanishika mkono akasema, "Mungu akuandikie, mama." Niliinamia sombe yangu, yale majani ya muhogo. Wakadhani ni unyenyekevu. Mimi nilikuwa nawaza: Feza, hata habari yangu unaisimulia vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Roho nyeupe! Roho yangu mwaka ule ilikuwa na rangi ya sufuria ambayo haijawahi kuonja mchanga wa kuisugua. Nimerudi Kasongo, nimekaa siku chache na ile sifa kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake, inabana huku, inapwaya kule. Basi niuandike mwaka wenyewe jinsi ulivyokuwa, maana mwaka ule ndio ulionifanya mtu.

Tulikuwa wasichana wawili wa mtaa mmoja, tumemaliza sekondari pamoja, na kati ya nyumba yao na yetu kulikuwa na ua wa matete ambao kuku waliuvuka wakitaka. Baba zetu wote wawili walilima mpunga, mama zetu wote wawili waliuza sokoni, na njaa ikiingia mtaani ilipiga hodi kwetu asubuhi na kwao mchana. Chuo cha ualimu kilikuwa palepale Kasongo, mwendo wa miguu, lakini mlango wake ulifunguliwa kwa malipo ya awamu tatu, na aliyekosa awamu ya mwisho hakuingia kwenye mtihani, hata kama kichwa chake kilikuwa kimejaa kama gunia. Mpunga wa baba ulitosha kutulisha na kutuvika, kunisomesha, hapana. Shangazi zangu walikwisha kuanza kutaja majina ya vijana wenye maduka. Kwa hiyo tuliposikia kwamba shirika moja limekuja kutoa bourse, yaani kuwalipia masomo vijana wasio na uwezo, na kwamba wajumbe wake watapita nyumba kwa nyumba kujionea wenyewe hali ya kila mwombaji, nililala usiku ule nikiwa nimekwisha kuwa mwalimu, na wanafunzi wangu wote walikuwa wananiogopa.

Mama yangu alisikia neno moja tu katika habari ile yote: wageni. "Wageni wanakuja kwangu," alisema, na papo hapo akaanza kufagia hadi barabara. Baba alijaribu. Akamwambia, "Mama Mwavita, wale wanakuja kuangalia umasikini." Mama akasimama na ufagio mkononi. "Mugeni akitoka kwangu na tumbo wazi, haya itakuwa ya nani? Ya shirika?" Baba akasema, "Basi wapikie bugali na sombe tu." Mama akamtazama kama mtu aliyetukana mbele ya watoto. "Wageni wametoka mbali vile, na makaratasi mu mikono, miye niwape bugali?" Baba akaenda kutafuta kanzu yake. Sisi watu wa Kasongo tuko hivyo. Nyumba inaweza kuungua, tutamwambia mgeni moshi ule ni wa ubani. Kuku aliazimwa kwa mjomba, zulia kwa fundi cherehani, viti kwa watu ambao mpaka leo sijui ni nani. Vikombe vilitoka kwa Mama Feza. Alikuwa na vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu, vitu alivyopewa kwenye arusi yake na ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvinywea, na Feza mwenyewe ndiye aliyevipitisha kwenye upenyo wa matete, vimelala katika beseni kama watoto mapacha. "Mama anasema musivivunje," aliniambia. "Na anasema ile pilau ikibaki, mutukumbuke."

Wakaja wajumbe, wanaume wawili na mama mmoja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilinusa pilau ile mpaka nikasikia kizunguzungu, maana tangu Idi nyumba yetu haikuwa imenusa kitu cha namna ile, na nadhani harufu ilivuka Lualaba ikaenda kusumbua watu wa ng'ambo. Wajumbe walikula mpaka yule mama akalegeza mkanda wake kwa siri. Wakanywa chai katika dhahabu. Halafu mmoja, kwa heshima kabisa, akamuuliza baba, "Mzee, maisha inaenda namna gani hapa nyumbani?" Na baba yangu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameshona kandambili zake kwa waya, akakunja mikono juu ya kanzu na kujibu kama baba yake alivyomfundisha kumjibu mgeni: "Alhamdulillahi. Hatukosi kitu." Nililiuma lile pazia. Nilitaka kutoka nje nikasema, tunakosa, tunakosa kila kitu, hata hicho kiti ulichokalia tunakikosa! Lakini msichana hatoki nyuma ya pazia kumsahihisha baba yake mbele ya wageni.

Kesho yake wajumbe wakaenda kwa akina Feza. Vikombe vilikuwa bado kwetu. Si kwamba mama alikuwa mvivu wa kuvirudisha. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mama alikuwa anangojea apate sukari kidogo ya kutia ndani yake. Kwa hiyo Mama Feza alipotaka kuwapa wageni kitu cha kunywa hakuwa na chombo cha kuwanyweshea. Akawapa maji katika kopo la nyanya. Nasikia yule mama mjumbe alilishika lile kopo kwa mikono miwili, akalitazama, akainuka akasimama mlangoni kidogo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Majibu yalipotoka, Feza alikuwa amepata bourse ya mwaka mzima, na sisi tulijibiwa kwamba familia yetu ina uwezo. Kopo la nyanya! Nyumba zetu zilikuwa sawa, madeni yetu sawa, panya wetu walikuwa walewale, na yeye akasomeshwa na kopo la nyanya huku mimi nikiangushwa na vikombe vya mama yake. Mama, kutoka jikoni, akasema pole pole, "Lakini ile wali ilikuwa muzuri."

Siku ile wivu uliingia mwilini mwangu, ukakaa hapa kooni, chini kidogo ya kidevu, kama mwiba wa samaki. Watu husema wivu unaua. Mimi ulinipa afya. Niliamka alfajiri nikakaanga mikate, yale maandazi ya duara, nikaiuza kwa waendesha motor mpaka mchana, na kwa mikate hiyo na kwa mbuzi mmoja ambaye baba alimuuza bila kututazama usoni, nikaandikishwa katika masomo ya jioni. Ilikuwa sehemu ya watu wenye kazi: kulikuwa na polisi, muuguzi, katekista mmoja mwenye watoto tisa, na fundi wa baiskeli aliyekuja na spana mfukoni. Mimi nilikuwa mdogo wa darasa kwa karne moja hivi. Tuliingia jua likiinama, wakati wanafunzi wa mchana wanatoka, na kila siku ya Mungu nilikutana na Feza kwenye geti, blauzi nyeupe, begi la buluu, kucha safi. "Mwavita," ananiambia, "bado tu unanuka mikate?" Nami namjibu, "Na we bado unanuka nyanya?" Tunacheka. Nikiingia darasani, mwiba unageuka kooni. Mtaani nilisikia wanavyosema: Feza anasoma chuo, Mwavita anasoma ile ya wazee. Hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba mwisho wa mwaka mtihani ulikuwa mmoja, wa mchana na wa jioni pamoja, na matokeo yanasomwa pamoja, kwa sauti, mbele ya watu wote. Hilo ndilo nililolitazamia kama wengine wanavyoitazamia Idi. Nilikuwa nimepanga hata namna nitakavyosimama.

Awamu ya tatu nilitegemea likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu. Wengine wanachanga pesa. Sisi, wamama wa soko pamoja na wanafunzi kadhaa wa jioni, tulichanga mchele. Kila juma kila mmoja alileta kipimo chake kwa Mama Zaina, mkubwa wetu, na rundo lote lilikwenda kwa mwenye zamu, naye alilipeleka Salamabila kwa wachimbaji wa dhahabu, ambako mchele wa Kasongo ukifika unapokewa kama bibi harusi. Zamu yangu ilikuwa imeangukia pazuri kabisa, karibu na siku ya mwisho ya malipo. Nilikuwa nimekwisha kujiona nimelipa.

Ndipo shirika likaondoka. Asubuhi moja gari lao lilipakiwa, ofisi ikafungwa, na waliokuwa na bourse wakaambiwa awamu ya mwisho wajitafutie wenyewe. Feza alivuka matete jioni ile, akakaa karibu nami jikoni, akavuta ungo, akaanza kuchagua mawe katika mchele. Hakuniomba kitu, katika hilo alisema kweli kule Kabambare. Vidole vyake tu vilikuwa vinachagua hata punje nzima nzima na kuzitupa pamoja na mawe. Na mimi nilifurahi. Sitaki kupaka rangi: nilifurahi mpaka nikaunguza mboga. Kesho yake asubuhi nikaenda kuchota maji nikiwa mwepesi kama unyoya, na pale kwenye chemchemi, wamama wawili wakiwa wamenipa mgongo, nikasikia.

"Masikini Feza. Ni yeye angekuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kabisa. Ata walimu wanasema."

"Basi itakuwa Mwavita sasa."

"Eh, Mwavita atapita. Si Feza haiko."

Nilibaki na ndoo mkononi. Nililiona jambo lile lote mpaka mwisho wake. Feza asipoingia kwenye mtihani hatashindwa kamwe. Mimi nikipata hata alama ambazo Kasongo haijaziona tangu iumbwe, watasema: ndiyo, lakini Feza hakuwepo. Nitaolewa, nitazaa, nitazeeka, na siku ya kuzikwa kwangu kutakuwa na mtu nyuma ya jeneza ananong'ona kwamba Feza angenishinda. Nilimwaga maji yale nusu njiani nikienda kwa Mama Zaina.

"Unataka zamu yako iende kwa Feza?" Mama Zaina aliacha kupepeta. "Yeye haiko hata mu likelemba yetu. Nani atajibu juu yake?"

"Mi nitajibu. Mi nitachukua zamu ya mwisho."

"Zamu ya mwisho iko nyuma ya mutihani. Na weye utalipa na nini?"

"Sijue bado."

"Mwavita. Ninyi wawili munadonoana kama kuku. Juu ya nini unamupa?"

"Ni juu ya ile ile, mama."

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. Nadhani yeye peke yake alielewa. Nilimpelekea Feza habari kwenye upenyo wa matete. Akalia, akanishika mabega, akauliza atanilipaje. "Utanilipa mu mutihani," nikamwambia. "Soma muzuri. Soma mpaka kichwa iume. Ukisoma nusu nusu, sitakusamehe." Yeye akaona huo ni wema. Na zamu ikawa yake, na mchele wangu wa mwaka mzima ukaingia chuoni ukiwa na jina la Feza.

Mimi nikapanda motor kwenda Salamabila, kwa shangazi Mariamu aliyekuwa na malewa, kibanda cha kuuzia wachimbaji chakula, akanikubalia nipike kwa mshahara mpaka karibu na mtihani. Barabara ile ilikuwa na mashimo ambayo motor ikiingia asubuhi inatoka jioni. Nilifika, nikafunga kitenge kiunoni, nikaning'iniza daftari langu la masomo kwenye msumari juu ya moto, nikawa nakoroga bugali kwa mkono mmoja na kufunua saikolojia ya mtoto kwa mkono wa pili. Kurasa zile zilinuka mawese na moshi. Wachimbaji walitoka pande zote, Bukavu, Uvira, Kalemie, waislamu na wakristo na wasiotaka kusema, matope yamewakauka mpaka masikioni, na walipoona napika nikisema peke yangu walidhani nimeingiwa na shetani. Kisha kijana mmoja waliyemwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu aliwahi kusoma sheria kabla hajaanza kuchimba, akatungua daftari langu msumarini. "Tumuulize!" akasema. "Akikosa, ataniongeza nyama. Mwalimu: mutoto ameiba kalamu ya mwenzake. Unamufanya nini?" Nilijibu kama ilivyoandikwa, kwamba kwanza utafute sababu ya kitendo chake. "Uongo!" akapiga kelele mtu wa Uvira. "Unamuchapa! Sababu ni mwizi!" "We ulichapwa, na ulikuwa nini?" mwingine akamuuliza, na malewa nzima ikaangua kicheko. Kutoka siku ile kila mlo ulikuwa mtihani. Nikikosa, nyama inaongezeka upande wa Avoka na shangazi ananitolea macho. Kwa hiyo nilijifunza haraka. Lakini hata pale, katikati ya kelele zile, niliweza kumwona Feza vizuri sana: amekaa kwenye meza, taa mbele yake, miguu imenyooshwa, anasoma kimya kimya katika mchele wangu. Mwiba unageuka. Nafunua ukurasa mwingine.

Nilirudi, nikalipa, nikaandika mtihani nikiwa na kovu la mafuta kwenye mkono wa kulia. Siku ya matokeo ua wa chuo ulijaa kana kwamba jimbo lote la Maniema limeitwa. Baba alivaa kanzu. Katibu wa chuo akasoma kwa kufuata alama, kuanzia juu, waliopata distinction. Jina la kwanza lilikuwa langu. Niliota jambo hilo mwaka mzima, na katika ndoto watu walikuwa wanazimia. Lakini kweli yenyewe ilikuja na kimya kidogo, kikohozi, kisha sauti ya mama yangu peke yake ikipasua anga, kisha wazee wangu wa jioni, na yule polisi akipuliza filimbi yake ya kazi. Jina la pili lilikuwa la Feza. Hapo ua ukalipuka. Wakamzunguka, wakammwagia poda kichwani kama tunavyowafanyia waliofaulu, kopo baada ya kopo, mpaka akawa mweupe kama mzimu. "Masikini, na shida zote zile! Walimukatia bourse, na bado!" Na bado! Mimi nilisimama vile nilivyokuwa nimepanga kusimama, na hakuna aliyetazama. Nilikuwa nimempita, na sasa nikamwonea wivu shida zake.

Jioni, kabla ya magharibi, nilikuwa peke yangu kwenye mkeka uani aliposukuma matete akatokea. Poda ilikuwa bado kwenye nywele zote. Macho yalikuwa mekundu, na hakunisalimu.

"Swali ya tatu," akasema. "Uliandika nini?"

Nikamwambia.

"Mi pia nilitaka kuandika vile."

"Lakini hukuandika."

"Ulisomea wapi, Mwavita? Mu moshi?"

"Mu moshi. Na wachimbaji."

"Na wachimbaji!" Akapiga mguu chini, kuku wakaruka. "Mi nilikuwa na meza, nilikuwa na taa, nilikuwa na mchele yako, na we unanipita! Wananimwagia poda, wananiimbia, na mi nakutafuta na macho tu. Sikuje kukupongeza. Leo siwezi hata kukuangalia. Inaniuma hapa." Akagusa kooni, chini kidogo ya kidevu.

Nilipajua mahali pale. Nilikuwa nimeupeleka mwiba ule mpaka Salamabila na kurudi nao, mwaka mzima, peke yangu. Nikasogea kwenye mkeka, nikapigapiga nafasi kando yangu kwa kiganja. Akasonya. Akasimama kidogo, akasonya tena, kisha akakaa, bega lake kwenye bega langu, uso ameugeuzia ukuta. Na kila alipovuta pumzi kwa hasira, ile poda ikaniangukia na mimi.